Mtoto ana ulemavu? Anzia maktaba

WAHENGA walisema hujafa hujaumbika. Karibu kila mmoja wetu huyarudia maneno hayo anapompita mtu mwenye magongo pale stendi ya mabasi mjini Kisumu, kisha akaendelea na shughuli zake. Lakini hebu tujiulize, mpenzi msomaji: ulemavu ukibisha hodi mlangoni mwako leo, utamwendea nani kwanza?

Wengi wetu tutamwendea jirani, kisha mchungaji, kisha shangazi ambaye alisikia habari za mganga fulani ng'ambo ya pili ya Ziwa. Kila mmoja atakuwa na lake la kusema. Huku tukizunguka hivyo, majuma yanageuka miezi na miezi inageuka miaka. Ni wachache mno watakaokumbuka kwamba mjini humu kuna jumba ambamo mtu huingia, akavuta kiti, akasoma juu ya jambo lolote linalomkera bila ya kuulizwa kabila, dini wala ukoo. Jumba hilo ni maktaba.

Makala haya hayakusudii kukuambia kwamba kitabu hutibu. Kitabu hakitibu. Lakini mzazi anayejua jina la hali ya mtoto wake, na anayejua ni nani wa kumwona na ni lini, huokoa miaka ambayo mzazi asiyejua huipoteza. Na miaka hiyo si yake mzazi. Ni ya mtoto.

Wangapi?

Katika sensa ya 2019, Wakenya wapatao laki tisa wenye umri wa miaka 5 na zaidi walihesabiwa kuwa na ulemavu, yaani asilimia 2.2. Shirika la Afya Duniani, WHO, nalo lakadiria kwamba asilimia 16 ya watu wote ulimwenguni, takriban watu bilioni 1.3, wana ulemavu ulio mkubwa.

Mbona tofauti iwe kubwa hivyo? Sehemu ya jibu ni jinsi maswali yanavyoulizwa, na pia kwamba ulemavu huongezeka kadiri watu wanavyozeeka, ilhali nchi yetu ni ya vijana. Lakini yeyote aliyekaa Nyalenda, Manyatta au Obunga anajua sehemu nyingine ya jibu. Kuna nyumba ambamo mgeni akibisha hodi, mtoto mmoja huingizwa chumba cha ndani. Isitoshe, utaona kwamba hesabu ile ya sensa haiwagusi watoto walio chini ya miaka mitano. Hao ndio hasa ambao msaada wa mapema ungewafaa zaidi.

Mapema ni mapema

Yapo mambo ambayo yakifanywa mapema huwa mepesi, na yakicheleweshwa huwa mazito. Tuchukue mfano wa mtoto aliyezaliwa na mguu uliopinda kwa ndani. Daktari Ignacio Ponseti, mzaliwa wa Uhispania aliyefanya kazi katika Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, alibuni njia ya kuunyosha mguu wa aina hiyo taratibu kwa mikono na kuufunga plasta ambayo hubadilishwa kila juma kwa majuma kadhaa. Mara nyingi hufuata mkato mdogo tu wa mshipa wa kisigino. Baadaye mtoto huvaa viatu vilivyounganishwa kwa upau, mwanzoni karibu kutwa kucha, kisha wakati wa kulala tu kwa miaka kadhaa. Kazi hii huwa rahisi ikianza mtoto akiwa na majuma machache tangu azaliwe. Mtoto huyo huyo akifika umri wa kwenda shule bila ya kushughulikiwa, mifupa imekwisha kukomaa katika upinde wake, na huenda ikahitajika operesheni kubwa.

Katika eneo letu la Ziwa wapo watakaosema mguu huo ni chira, matokeo ya mwiko uliovunjwa. Hatuko hapa kuwadharau wazee wala mila. Lakini hata anayeamini kwamba ni chira hana budi kukubali kwamba mguu bado wahitaji plasta, na plasta haingoji baraza la ukoo limalizike.

Mfano wa pili ni mtoto mwenye mtindio wa ubongo, ambaye misuli yake hukaza au kulegea bila ya yeye kupenda. Akina mama wengi huwalisha watoto hao wakiwa wamewalaza chali mapajani. Mtoto hupaliwa, na chakula chaweza kuingia mapafuni na kumletea kichomi. Kumbe kumkalisha wima, kichwa kikielekea mbele kidogo badala ya kurudi nyuma, hubadilisha mambo mengi. Hilo ni jambo la kujifunza kwa alasiri moja, nalo halihitaji dawa wala pesa. Linahitaji mtu wa kukuonyesha, au ukurasa wenye picha.

Mfano wa tatu ni mtoto asiyesikia. Kwanza apelekwe hospitali, kwa maana sikio linalotoka usaha hutibika, na likiachwa laweza kuziba kusikia kwa mtoto. Lakini kama imethibitishwa kwamba hasikii, basi kinachotakiwa haraka ni lugha. Mtoto anayesikia hufundishwa lugha na nyumba nzima tangu anapozaliwa, bila ya mtu yeyote kukusudia. Mtoto asiyesikia, ambaye wazazi wake hawajui ishara hata moja, aweza kufika darasa la kwanza bila ya lugha yoyote kichwani: si Dholuo, si Kiswahili, si ya ishara. Mwalimu atamwona mzito wa kuelewa, kumbe uzito si wa akili. Hakuna aliyezungumza naye kwa muda wa miaka sita.

Ukifika maktabani

Huduma ya Maktaba ya Taifa, ambayo wengi huiita KNLS, iliundwa kwa sheria ya Bunge ya 1965, na Kisumu ni mmojawapo wa miji ambako ilifungua tawi. Aidha, kuna maktaba za vyuo, hasa Chuo Kikuu cha Maseno, ambacho hufundisha elimu ya watu wenye mahitaji maalumu. Ikiwa una ndugu au jirani anayesoma huko, mwombe akuangalizie vitabu.

Maktaba nyingi za umma hupanga vitabu kwa nambari za Dewey, mpango uliochapishwa kwa mara ya kwanza na Mmarekani Melvil Dewey mwaka 1876. Chukua kalamu uandike nambari hizi. Huduma kwa watu wenye ulemavu wa viungo, wa kuona na wa kusikia huwa kwenye 362.4. Ulemavu wa akili huwa 362.3. Elimu maalumu ni 371.9. Lugha za ishara ni 419. Malezi ya watoto ni 649, na magonjwa ya watoto ni 618.92. Ukizijua nambari hizi huhitaji kumweleza mkutubi mambo yako ya nyumbani ikiwa hujawa tayari kuyaeleza. Utakwenda moja kwa moja hadi kwenye rafu.

Hata hivyo, usimwogope mkutubi. Kazi yake ni kujibu maswali. Ukikosa kitabu, muulize kama kinaweza kuagizwa au kuletwa kutoka tawi jingine, na umwachie ombi lako kwa maandishi. Ombi lililoandikwa huhesabiwa. Kichwa kilichotikiswa kwa masikitiko mlangoni hakihesabiwi.

Vitabu gani vya kuuliza? Cha kwanza ni Disabled Village Children cha David Werner, kilichotoka mwaka 1987. Werner ni yule yule aliyeandika kitabu kinachojulikana kwa Kiswahili kama Mahali Pasipo na Daktari. Yeye mwenyewe ana ulemavu wa misuli tangu utotoni. Kitabu chake juu ya watoto kilitokana na kazi ya wanakijiji wenye ulemavu katika milima ya Mexico, walioanzisha karakana yao ya kutengeneza magongo, viatu na viti vya magurudumu. Kimejaa michoro. Hata mtu ambaye Kiingereza chake ni cha kuokoteza anaweza kutazama mchoro akatengeneza kiti.

Shirika lililochapisha kitabu hicho, Hesperian la Marekani, lilitoa vingine kwa mtindo huo huo: Helping Children Who Are Blind mwaka 2000, juu ya watoto wasioona, Helping Children Who Are Deaf mwaka 2004, juu ya wasiosikia, na A Health Handbook for Women with Disabilities mwaka 2007, juu ya afya ya wanawake wenye ulemavu. Hiki cha mwisho kinajibu maswali ambayo msichana mwenye ulemavu huona haya kuyauliza, na ambayo muuguzi naye wakati mwingine husahau kwamba anayo. Vyote vyaweza kusomwa bure katika intaneti. Kwa hivyo kompyuta ya maktaba yatosha, hata rafu ikiwa haina nakala.

Kwa walimu na wanafunzi wa ualimu, kuna EENET, mtandao ulioanzishwa Manchester, Uingereza, mwaka 1997. Hukusanya na kusambaza bila malipo habari za walimu wa nchi maskini wanaofundisha watoto wote katika darasa moja.

Na kama mfuko ni mwepesi, tafuta habari za ufundi wa karatasi ulioenezwa na Bevill Packer nchini Zimbabwe. Katoni na karatasi kuukuu hubandikwa tabaka juu ya tabaka kwa gundi ya unga, zikakaushwa hadi zikawa ngumu kama ubao. Kutokana na hizo hutengenezwa kiti cha kumkalisha mtoto ambaye hawezi kukaa peke yake, pamoja na meza yake. Katoni za soko la Kibuye haziishi, na unga wa gundi haufiki kilo.

Chagua kwa makini

Si kila kitabu chenye neno ulemavu ni kizuri. Vipo vilivyochapishwa zamani ambavyo humwona mtu mwenye ulemavu kama mzigo wa kuhurumiwa, au mgonjwa wa kufungiwa mahali pake. Kabla ya kukiazima, tazama mwaka wa kuchapishwa. Tazama kama watu wenye ulemavu wenyewe wanazungumza humo ndani au wanazungumziwa tu. Tazama pia kama kinakuambia cha kufanya kesho asubuhi kwa vitu ulivyo navyo, au kinakutaka ununue mashine kutoka ng'ambo.

Tazama na maneno. Nyinyi wanafunzi mnazijua ngeli. Kipofu, kiziwi, kiwete na kilema yote yana umbo la KI-VI, umbo lile lile la kiti na kijiko. Ndiyo maana wengi siku hizi hupendelea kusema mtu asiyeona, asiyesikia, au mwenye ulemavu, ili mtu atangulie na hali yake ifuate. Lakini msikimbilie kumsahihisha kila mtu. Nchini Tanzania, chama cha wasiosikia chenyewe kinaitwa Chama cha Viziwi, CHAVITA, nao wanalitumia jina hilo kwa fahari. Ilhali wenzao wanaitwa Chama cha Wasioona. Njia iliyo bora ni kumuuliza mwenyewe anapenda kuitwaje. Mara nyingi atakuambia jina lake.

Kitabu kisichosomeka

Tumesema juu ya vitabu vinavyowahusu watu wenye ulemavu. Lakini je, wao wenyewe watasoma nini?

Louis Braille wa Ufaransa alizaliwa mwaka 1809. Akiwa na umri wa miaka mitatu alijichoma jicho kwa chombo cha kutobolea ngozi katika karakana ya baba yake, na maambukizi yakampofusha macho yote mawili. Alipofika miaka 15 alikuwa amekwisha kubuni maandishi ya nukta sita zinazosomwa kwa vidole, na akayachapisha mwaka 1829. Nukta hizo sita hutoa mipangilio 63, ambayo yatosha kwa herufi, tarakimu, hesabu na hata muziki. Sisi huyaita breli. Ndugu zetu wa Tanzania huyaita nukta nundu. Kiswahili nacho huandikwa kwa breli.

Taabu ni ukubwa wake. Karatasi ya breli ni nene na nukta zahitaji nafasi, hivyo kitabu kimoja cha shule hugeuka majuzuu kadhaa mazito ambayo hayaingii mkobani. Kuyachapisha ni ghali. Ndiyo maana Muungano wa Wasioona Duniani umekadiria kwamba chini ya asilimia 10 ya vitabu vinavyochapishwa hupatikana kwa maandishi au sauti ambazo asiyeona anaweza kuzitumia. Wenyewe wanaiita njaa ya vitabu.

Kizuizi kingine kilikuwa cha sheria. Kugeuza kitabu cha mtu kuwa breli au sauti kulihitaji ruhusa ya mwenye hakimiliki, na mara nyingi ruhusa haikuja. Mwaka 2013 mataifa yalikutana Marrakesh, Moroko, yakatia sahihi mkataba unaoruhusu maktaba na vyama vya wasioona kutengeneza nakala hizo na kupelekeana nchi hadi nchi bila ya kuomba ruhusa. Kenya ilijiunga na mkataba huo mwaka 2017, na marekebisho ya sheria ya hakimiliki ya 2019 yakauingiza katika sheria zetu. Kwa hivyo mkutubi akikuambia kwamba sheria inamkataza kumgeuzia mtoto wako asiyeona kitabu, mwambie kwa upole kwamba sheria imebadilika.

Teknolojia nayo imesaidia. Kuna programu iitwayo NVDA, iliyoanzishwa Australia mwaka 2006 na vijana wasioona, ambayo husoma kwa sauti kila kilicho kwenye kompyuta, nayo ni ya bure. Simu nyingi za kisasa zina uwezo kama huo ndani yake tangu zinaponunuliwa. Fungua tu sehemu ya mipangilio uitafute. Huenda babu yako aliyeacha kusoma gazeti kwa sababu ya macho yuko karibu kulisoma tena, naye hana habari.

Kwa wasiosikia, kitabu chenye maandishi matupu hakitoshi, kwa kuwa lugha yao ya kwanza ni ya mikono na uso. Kampuni ya eKitabu ya Nairobi imetoa hadithi za watoto za video katika Lugha ya Ishara ya Kenya. Mzazi anayesikia anaweza kuketi na mtoto wake wakajifunza ishara pamoja, hadithi moja kila jioni.

Nao watoto wenye ualbino wasisahaulike. Wengi wao huona, ila kwa taabu. Wakati mwingine hupelekwa shule za wasioona wafundishwe breli, kumbe wangetosheka kwa kioo cha kukuza, maandishi makubwa na kiti cha mbele darasani mbali na mwanga mkali. Mwaka 2017 Goldalyn Kakuya, msichana mwenye ualbino aliyesomea huko Kakamega jirani zetu, aliongoza taifa zima katika KCPE kwa alama 455 kati ya 500. Hakuwa na bahati ya ajabu. Alikuwa na macho ya mwanafunzi na shule iliyomkubali.

Shule ipi?

Ukishajua hali ya mtoto, swali litakalofuata ni la shule, nalo huwagawanya wazazi wengi.

Eneo letu lina historia ndefu ya shule maalumu. Nyangoma karibu na Bondo, pamoja na Mumias, ni miongoni mwa shule za kwanza nchini za watoto wasiosikia, zote za mwaka 1961. Maseno kuna shule ya wasiosikia pia, na katika Homa Bay kuna ya Lambwe. Kibos, nje kidogo ya Kisumu, husomesha wasioona, na Joyland husomesha wenye ulemavu wa viungo. Hizo mbili zilianzishwa chini ya Jeshi la Wokovu. Zimewalea watu wengi waliofika mbali, na hakuna atakayezibeza.

Lakini shule ya bweni humtoa mtoto nyumbani akiwa mdogo. Akirudi likizo huwa mgeni kwao, hasa akiwa amejifunza lugha ambayo nyumbani hakuna anayeijua. Na kwa kila mtoto aliyepata nafasi, yuko mwingine aliyebaki kijijini.

Ndiyo sababu jaribio la Oriang, upande wa Rachuonyo, linafaa kujulikana. Tangu mwaka 2001 shirika la Leonard Cheshire lilisaidia shule tano za msingi za kawaida zipokee watoto wenye ulemavu pamoja na wenzao. Milango ilipanuliwa, njia za mteremko zikajengwa, vyoo vikarekebishwa na walimu wakapewa mafunzo. Mtoto alikwenda shule ile ile anayokwenda kaka yake, akarudi jioni kuchota maji kama wengine. Baadaye, kuanzia mwaka 2013, shirika hilo lilipeleka mpango kama huo kwa shule 50 za eneo la Ziwa, safari hii kwa ajili ya wasichana wenye ulemavu, ambao huachwa nyuma mara mbili.

Hatuwezi kukuchagulia. Mtoto asiyesikia huenda akanufaika zaidi mahali penye wenzake wengi wanaozungumza lugha yake, na mtoto wa kiti cha magurudumu huenda hahitaji chochote ila mlango mpana na choo anachoweza kuingia. Kabla ya kuamua, mpeleke mtoto kwenye kituo cha serikali cha kupima mahitaji ya elimu. Vituo hivyo vilianzishwa nchini tangu mwaka 1984. Afisi ya elimu ya kaunti itakuelekeza kilicho karibu. Halafu mwandikishe mtoto kwenye Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, ambalo hushughulikia vitambulisho, misaada ya vifaa, na mafuta ya kuikinga ngozi ya wenye ualbino dhidi ya jua.

Maktaba nayo ina mlango?

Sasa tugeuze swali. Tumekuhimiza uende maktaba. Je, ukienda na mtoto wako akiwa kwenye kiti cha magurudumu, mtaingia?

Mwaka 2005 shirikisho la kimataifa la maktaba, IFLA, lilitoa orodha ya mambo ya kukagua. Mtu yeyote anaweza kuitumia, nanyi wanafunzi mnaweza kuifanya kazi ya Jumamosi moja. Je, njia ya kutoka barabarani hadi mlangoni ni laini? Penye ngazi, pana mteremko pia? Mlango wapitisha kiti cha magurudumu? Choo je? Rafu ya juu yafikiwa na aliyeketi? Vibao vya kuelekeza ni vikubwa na vyenye rangi zinazoonekana wazi? Pana kompyuta inayosoma kwa sauti? Kuna mhudumu hata mmoja anayejua ishara za kusalimu na kuuliza, nikusaidie nini?

Haya si maombi ya hisani. Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika mahali pote pa umma na kupata habari, haki ya kutumia lugha ya ishara na breli, na haki ya kupata vifaa vya kumwondolea vizuizi. Lugha ya Ishara ya Kenya ni mojawapo ya lugha rasmi za Bunge. Na Katiba hiyo hiyo iliyaweka mambo ya maktaba mikononi mwa kaunti. Kwa hivyo kaunti inapowaita wananchi kutoa maoni juu ya bajeti, pale ambapo watu huinuka kudai barabara na maji, inuka nawe udai mteremko, kompyuta yenye sauti na vitabu vya breli.

Usiambiwe kwamba haiwezekani. Mwaka 1996 Huduma ya Maktaba ya Taifa ilianza kupeleka vitabu jangwani Garissa juu ya migongo ya ngamia. Ikiwa ngamia alimfikia mtoto wa mfugaji mchangani, vitabu vyaweza kumfikia mtoto asiyeweza kutoka chumbani Manyatta, umbali wa tuktuk tu.

Kabla ya Jumapili ijayo

Basi, mpenzi msomaji, usilikunje gazeti hili ukafungia maandazi. Kama wewe ni mzazi wa mtoto mwenye ulemavu, chukua zile nambari za rafu na uende, japo kwa saa moja. Mpeleke mtoto pia. Watu watamwangalia siku ya kwanza, na siku ya tano watamzoea. Kama wewe ni mwanafunzi, azima kitabu kimoja cha Kiingereza, usome sura moja, kisha umweleze kwa Dholuo au Kiswahili mama wa jirani ambaye hakujaliwa kusoma. Huo ni utumishi ambao hakuna shirika litakalokuja kuufanya mahali pako. Na kama wewe ni jirani tu, siku utakapobisha hodi na kusikia kwamba mtoto mmoja yuko chumba cha ndani, omba umsalimu. Umuulize jina lake, kisha umwambie mama yake ni rafu ipi.